Nilimsingizia Shemeji Kuniibia Swichi

Kosa ni langu, sitafuti wa kumtupia. Naandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kulisema.

Naishi Mjambere na mume wangu. Mdogo wake, Kazungu, ni fundi wa umeme wa magari, na tulikuwa tukikaa naye. Alinitengenezea swichi ya hazadi ya gari langu, ile ya taa za tahadhari, iliyokuwa ikikwama, wala hakutaka chochote.

Wiki ile ile, alfajiri nikienda kazini, nikawasha taa za gari nikaona kitaa kilichomo ndani ya swichi ile hakiwaki. Sikumuuliza. Jioni, mbele ya mume wangu na wageni wa kanisani, nikasema, "Kazungu ametoa swichi yangu nzima akaiuza. Hii aliyoniwekea ni mbovu."

Kazungu, aliyekuwa papo hapo, akaapa, "Shemeji, haki ya Mungu swichi ni ile ile. Nipe ufunguo nikague."

Nikamnyima. Mume wangu akamfukuza siku hiyo hiyo, naye Kazungu akaenda kupanga chumba mtaa wa Shika Adabu.

Siku ya tatu nikapeleka gari kwa fundi mwingine, Bamburi. Akaichomoa swichi akaipima, akapima na waya. Vyote vizima. Kisha akauliza, "Mama, hiki kigurudumu cha kupunguza mwanga wa dashibodi umekigusa?"

Akakizungusha kwa kidole. Kitaa kikawaka. Nilikuwa nimekizima mwenyewe nikipangusa vumbi.

Niliporudi mume wangu akaniuliza, "Fundi amesemaje?"

Hapo ndipo ningejiokoa. Aibu ikanishika, nikajibu, "Ilikuwa imebadilishwa kweli."

Ole wangu! Tangu siku hiyo nimefungwa. Mume wangu hataki kusikia jina la nduguye. Mama mkwe akija huuliza kwa nini wanawe hawasemezani, nami najifanya nashughulika na chai. Nikinyamaza naumia. Nikisema, mume wangu atajua nimemdanganya mara mbili, na kwamba alimtupa mdogo wake bure.

Jumapili iliyopita Kazungu alinipigia simu.

"Shemeji, nimefikiria sana. Pengine niliunga waya vibaya. Naomba unisamehe, uniombee na kwa kaka."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Nimekusamehe."

Wewe unayesoma, usimwite mtu mwizi kabla hujakagua. Na ukikosea, sema siku ile ile, hata kama wageni bado wamekaa. Mimi nimengoja miezi mitano, na sasa niliyemsingizia ndiye anayeniomba radhi, nami nimeipokea.