Mtukane Kizibo

Salehe fundi viatu aliongea zaidi na sindano yake kuliko na watu. Ukimletea kiatu alikigeuza, akakibonyeza kisigino, akakuambia "kesho", basi. Alishuka kutoka Matombo, kule milimani, akiwa kijana, akaoa Bigwa, mvi zikamkuta hapo hapo, na wengi aliowashonea viatu hawakuijua vizuri hata sauti yake.

Kazi aliifanyia kwenye kona ya kibanda cha mapumziko kando ya soko. Halmashauri ilikijenga ili wanaoshuka na mizigo kutoka milimani wapate kivuli, lakini kivuli chenyewe walikitwaa wacheza drafti. Kete zao zilikuwa vizibo vya soda, na mdomo ulikuwa nusu ya mchezo. Hakuna aliyekula kete ya mwenzake bila kumtukania ukoo mzima. Bingwa wa mdomo alikuwa Twalibu, mpakuzi wa ndizi, na aliyemfuata kwa karibu ni Abuu, muuza iliki na tangawizi.

Matusi hayo yaliingia moja kwa moja dirishani kwa Mwalimu Devotha, aliyekuwa na nyumba jirani. Siku aliyosikia wanafunzi wake wa darasa la pili wakiyatumia kugombea kifutio, alipeleka malalamiko kwenye kata.

Mtendaji wa kata, binti aliyeitwa Prisca, akaja kibandani. Akawasomea sheria ndogo ya halmashauri juu ya kelele na lugha chafu mahali pa wazi, kisha akafunga faili.

"Wazee wangu, sikuja kugombana. Lakini nikiletewa lalamiko jingine mwezi huu, kibanda nakizungushia seng'enge, kila mtu atafute pake."

"Hata fundi?" Abuu aliuliza.

"Hata fundi. Na nataka mmoja wenu asimamie."

Wote wakamtazama Salehe, kwa kuwa yeye peke yake hawakuwahi kumsikia akitukana. Salehe akatazama kiatu. Kimya chake kikahesabiwa kuwa amekubali.

"Nikitolewa pale niende wapi?" alimwambia mkewe, Pili, wakila. "Stendi wamejaa. Na mvua ikishuka mlimani siwezi kushonea kwenye matope."

"Si uwaambie wanyamaze."

"Mimi?"

"Basi waangalie vibaya," Pili alisema, akamwongezea mboga.

Hakuhitaji hata kuwaangalia vibaya. Walinyamaza wenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wazima walisogeza vizibo kama waliokaa matangani. Watazamaji wakahamia kwa muuza kahawa darajani, na viatu vyao vikahama nao, maana mtu hukumbuka soli yake iliyobanduka akiwa ametulia mahali. Salehe akaona kona yake inamponyoka kabla hata seng'enge haijaletwa.

Alhamisi moja Abuu alimtegea Twalibu, akamla kete tatu kwa mpigo. Twalibu akavimba mashavu. Wakati huo huo Mwalimu Devotha alikuwa anapita na watoto. Twalibu akanyoosha kidole.

"Abuu, mama yako..."

"Kizibo," Salehe alisema.

Wote wakageuka. "Unasemaje, fundi?"

"Mtukane kizibo chake." Sauti ilimtoka nyembamba, na masikio yalikuwa ya moto. "Mama yake Abuu hayumo ubaoni. Kilichokula kete zako ni kizibo."

Twalibu akakishusha kidole. Kisha akakiinamia kizibo cha Abuu, akakikagua.

"Wewe kizibo," alisema taratibu, "umejinyoosha kwangu kama shemeji aliyesema anakaa siku mbili. Na kutu yote hiyo. Hata soda yako aliyeinywa alishasahau."

Mtoto mmoja akaangua kicheko. Abuu akajibu, "Kizibo kinasema kimeshiba, kwa hiyo hakigombani na wenye njaa."

Tangu siku ile kibanda kikapata uhai mpya. Kukawa na kizibo mchoyo, kizibo kilichokuja mjini bila nauli ya kurudi, kizibo mjane. Wa darajani wakarudi, na soli zao. Mtu akiteleza akamgusa binadamu, Salehe aligonga nyundo kwenye chuma chake cha kushonea, na aliyeteleza alikaa nje mchezo mmoja bila kubisha.

Mwezi ulipokwisha Prisca alirudi, nyuma yake mgambo amebeba seng'enge begani. Akamwita Mwalimu Devotha.

"Mwalimu, unalo lalamiko?"

"Ninalo."

Salehe akaiacha sindano katikati ya ngozi.

"Jana madaftari yalinishinda," Mwalimu alisema. "Nilisimama dirishani mpaka magharibi, nataka kujua kile kizibo mjane kimeishia wapi."

"Kimeolewa," Twalibu alisema. "Kilifika mwisho wa ubao, kikabebeshwa mwenzake, sasa ni kingi."

Prisca akauma midomo. "Hayo siwezi kuyaandika kwenye ripoti. Nataka nijionee mwenyewe. Nani anacheza na mimi?"

Wakamsukuma msimamizi. Salehe akakaa, akasogeza vizibo bila neno, jasho likimtoka.

"Fundi, mbona kimya?" Prisca aliuliza. "Au nimedanganywa, na nikiondoka ndio matusi ya kweli yanaanza?"

Salehe akamwona mgambo anahamisha seng'enge bega hadi bega. Akavuta pumzi, akakiinamia kizibo cha Prisca kilichokaa mbele ya chake.

"Kizibo cha Mtendaji," alisema, "shikamoo. Ila hapo umekaa njia ya watu, eneo la wazi, na kibali huna. Naomba nikuondoe."

Akakiondoa.

Kelele za kicheko zilizotoka pale, sheria ndogo haikuziwekea kipimo. Mgambo aliitua seng'enge ili acheke kwa nafasi. Prisca alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mwisho wa kucheza magharibi," alisema alipoweza kusema. "Na hiyo seng'enge ipelekwe zahanati, mbuzi wanamaliza bustani. Haya fundi, zamu ya nani?"

"Yako, binti yangu," Salehe alisema. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, akaongeza kwamba kile kizibo chake cha pembeni kinatetemeka, akitafutie hata shuka.