Kila Tisa Desemba Nilifunga Spika

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa pia siku ya kwanza ya nchi yangu. Asubuhi ya tarehe tisa Desemba mwaka 1961, gari la matangazo lilinishusha kwenye uwanja mmoja wa Temeke, bunda la waya likiwa begani, na suruali mpya iliyonibana kiunoni. Nilikuwa kijana wa Kimwera niliyetoka Lindi mwaka uliotangulia. Kazi niliyopewa ilikuwa kubeba. Bosi wangu, Fundi Mkuu, alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mwenye kofia ya viua asiyoivua hata akipanda juu ya nguzo. Aliniambia nishike ncha moja ya waya nitembee mpaka aseme basi. Nikatembea. Nilipogeuka niliona uwanja umeshajaa watu, na wengine bado wanakuja kutoka upande wa Mtoni wakiimba.

Nyie mnaofunga muziki siku hizi mna masanduku makubwa kama makabati. Sie tulikuwa na spika za tarumbeta, zile za bati zenye mdomo mpana, tunazifunga juu ya mti au nguzo. Maiki ilikamata sauti, waya ukaipeleka kwenye amplifaya, yaani mashine ya kuikuza, na amplifaya ikazilisha spika. Umeme ulitoka kwenye betri za gari, na baadaye kwenye jenereta ndogo ya kuvuta kamba. Fundi Mkuu alinifundisha mambo mawili siku ile ile. La kwanza, spika isiitazame maiki, maana sauti ikirudi ilikotoka, mitambo hupiga mluzi wa kutoboa masikio. La pili, utazame upepo kabla hujapanda nguzo, kwa sababu upepo hubeba maneno kama unavyobeba moshi.

Hotuba zilipokwisha siku ile, mzee mmoja wa Kizaramo alikuja akatuamkia kwa heshima, ingawa ni sisi tuliopaswa kumwamkia. Aliomba kulitaja jina lake kwenye maiki. Fundi Mkuu akamuuliza kwa nini.

"Maisha yangu yote nimeitwa na karani akitaka kodi," mzee akasema. "Leo nataka nijiite mwenyewe, jina lifike Mtoni."

Fundi Mkuu alimpa maiki. Mzee akakohoa, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kisha akanyamaza akisikiliza spika zikimaliza. Watu walishangilia, na nyuma yake pakawa na foleni. Mama ntilie, makuli wa bandarini, wachonga vinyago wa Kimakonde, msichana aliyebeba mdogo wake mgongoni, kila mmoja akajitaja. Tulikaa pale mchana kutwa mpaka betri zikaishiwa nguvu na sauti ikawa ya kunong'ona. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimepata kazi nzuri kuliko zote mjini.

Baadaye nilipelekwa Magomeni, kisha Kinondoni, na kutoka mbebaji nikawa fundi mitambo msaidizi. Mwaka mzima tulizunguka na matangazo ya chanjo, ya mikutano na ya shule za watu wazima, lakini Tisa Desemba ndiyo ilikuwa siku yetu hasa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja tulikuwa tukisafisha midomo ya spika na kukagua waya inchi kwa inchi, maana panya wa stoo walipenda sana mpira wake.

Tulikuwa pia na bosi mwingine, Afisa Habari, kijana aliyepanda cheo haraka na aliyepiga pasi mpaka soksi. Yeye alitaka utaratibu. Alipopata habari za watu kujitaja majina kule Temeke alisema mitambo ya serikali si ya kuchezea. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kwamba kitu kikiharibika, lawama zitamwangukia, na kweli zilikuwa zikimwangukia.

Baada ya Azimio la Arusha, sherehe zilibadilika. Zamani watu walikuja kusikiliza na kucheza. Sasa kila sherehe ilikuwa na kazi ndani yake, kufungua shamba, kuchimba msingi, kuchangia nguvu. Mwaka mmoja katika ile miaka ya mwanzo nilipangiwa Kunduchi. Mkuu wa Wilaya alikuwa aje kuwaomba wananchi wajenge zahanati kwa kujitolea. Serikali ilikuwa na mabati na mganga, haikuwa na mikono. Akina mama wajawazito wa Kunduchi walikuwa wakibebwa kupelekwa mjini, na si wote waliofika.

Nilifunga spika tatu kuanzia alfajiri. Mkuu wa Wilaya alifika, akakunjua hotuba yake, akasoma ukurasa wa kwanza vizuri. Alipoanza wa pili, jenereta ilikohoa ikazima. Nikavuta kamba. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Upepo wa pwani ulikuwa mkali siku ile, na waliokaa mbele tu ndio waliomsikia. Huko nyuma wavuvi wakaanza kusimama wakikung'uta mchanga. Afisa Habari alikuja akainama karibu na sikio langu, jasho likimtoka.

"Wakiondoka hawa, zahanati imekwenda," alisema. "Na mie na wewe tumekwenda nayo."

Nilikuwa nimeshafungua plagi, mikono yote ni mafuta, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke. Sijui niieleze vipi. Haikuwa kelele, ilikuwa sauti nene, imenyooka, kila neno limekaa mahali pake. Alikuwa amesimama juu ya meza ya kuuzia samaki wa kukaanga, kanga imefungwa kiunoni. Aliwaambia watu wakae, kisha akamgeukia Mkuu wa Wilaya.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Wewe sema, mie nitawapelekea."

Mkuu wa Wilaya alimtazama kidogo, akasoma sentensi moja. Yule dada akaipokea, akaitupa mpaka barabarani. Wavuvi wakakaa. Sentensi ya pili, ya tatu. Kufikia ya nne akaanza kutia chumvi yake. Mkuu wa Wilaya aliposema kila mwananchi ana wajibu wa kufanya kazi kwa bidii, yeye akapeleka, "Anasema kazi, akina baba, si kupiga bao!" Uwanja mzima ukacheka, na Mkuu wa Wilaya akacheka mpaka akavua miwani. Akaikunja ile hotuba akaitia mfukoni, akaanza kuongea kama mtu aliyekuja kutembelea wajomba zake. Alieleza jinsi dada yake alivyofariki njiani akipelekwa kujifungua. Hapo yule dada juu ya meza hakuongeza neno. Aliyapeleka maneno kama alivyoyapokea, polepole, na hata mawimbi mtu aliyasikia.

Mkuu wa Wilaya alipomaliza aliuliza nani atakuja Jumamosi na jembe. Walisimama karibu wote. Mimi nilisimama pia, ingawa nilikuwa nakaa Temeke.

Jina lake Zuhura. Jumamosi ile nilikwenda Kunduchi kuchimba msingi, na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Afisa Habari alinisifu kwa moyo wa kujitolea, nikazipokea sifa zake bila kumfafanulia. Nilikula samaki wa kukaanga mpaka nguo zangu zikanuka samaki. Siku ya kumi au zaidi Zuhura aliniuliza kama Temeke hakuna samaki. Nikamjibu wapo, ila hawana sauti. Alicheka, akaniongezea kipande.

Fundi Mkuu ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Baba yake Zuhura, mzee wa pale pale Kunduchi, alitaka kujua kazi yangu hasa ni nini. Fundi Mkuu akamweleza kwamba kijana anapeleka sauti za watu mbali.

"Sauti ya huyu binti yangu?" mzee akasema. "Basi amekuja nyumba isiyo na shida hiyo."

Lakini alikubali. Tisa Desemba iliyofuata Mkuu wa Wilaya alirudi kufungua zahanati, na Zuhura, mke wangu sasa, akaitwa rasmi kuwa mshereheshaji. Jenereta iliwaka vizuri siku ile. Zuhura aliisogeza maiki pembeni, akasema hiyo wapewe wageni.

Tukaendelea hivyo miaka mingi. Kule Bunju, watu walipokuwa wakihamia katika kijiji cha ujamaa, tulisherehekea katikati ya shamba la mihogo, mie nimefunga spika kwenye mkorosho, na yeye anaita majina ya kaya zilizofika, kila kaya inashangiliwa kama timu ya mpira. Mtoto wetu wa kwanza, Rehema, alizaliwa kwenye ile zahanati ya Kunduchi. Ilipofika miaka ya shida, mafuta hayapatikani na sabuni ni ya foleni, kuna Tisa Desemba ambayo gari letu halikutoka stoo kabisa. Afisa Habari, ambaye wakati huo kichwa chake kilikuwa kimeota mvi, alikuja nyumbani kwetu kwa miguu. Hakuniulizia mimi. Aliuliza kama Mama Rehema yupo. Walitoka pamoja kwenda uwanjani, mie nikafuata nyuma nimembeba mtoto, na sherehe ikafanyika.

Nilistaafu nikiwa nimefikia cheo cha Fundi Mkuu. Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida. Nawaambia kupeleka sauti ni kazi ya heshima, lakini fundi akumbuke kwamba sauti si yake. Autunze waya wake, na mwenye neno akija ampishe.

Tisa Desemba ya kwanza baada ya kustaafu niliamka alfajiri kwa mazoea, nikavaa, nikakaa kitandani sina pa kwenda. Zuhura akaniambia twende uwanjani hapa Sinza tukakae kwenye viti kama wageni. Tukaenda. Niligundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nasikiliza sauti, sikuwa nasikiliza maneno, na hotuba ilinishangaza kwa urefu wake. Nikasinzia.

Nilishtuliwa na ngoma. Ulikuwa mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo isiyokaa mahali pamoja, inayotembea na kuzoa watu njiani. Ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi kuicheza siku ya Uhuru hata mara moja. Ngoma zilipoanza, mie siku zote nilikuwa nalinda waya zisikanyagwe. Zuhura alikuwa ameshasimama, ananyoosha mkono.

"Baba Rehema," akasema, "leo hakuna waya."

Tuliingia katikati ya watu. Mdundiko ukatupitisha mitaa nisiyoijua, tukavuka barabara, tukageuka, tukapoteana, tukaonana tena. Jua lilipotua tulikuwa bado tunatafuta njia ya kurudi nyumbani, viatu mkononi, na mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti imemkauka.