Programu Iliyomfuta Mama Mapasa

Mwaka niliomaliza chuo, vita vilikuwa vimewaleta watu wa njia ya Nyunzu mpaka Kalemie, na nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa na watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa na diploma ya informatiki, kompyuta yenye betri mbovu, na programu tatu ambazo sikuwa nimemaliza hata moja. Moja ilikuwa ya kujumlisha alama za wanafunzi, ya pili kamusi ya Kiluba, ya tatu ya kuonyesha meli za Kigoma zitafika lini. Hiyo ya tatu ilikuwa ujinga mtupu, maana hata wenye meli hawakujua.

Asubuhi nilizungusha dosie yangu ya kuomba kazi, ofisi kwa ofisi. Kila biro ilitaka barua ya mkono, nakala ya diploma na muhuri, halafu karani alizipokea bila kuinua macho. Mchana, umeme wa mtambo wa Bendera ukikubali, nilirudi kwenye programu zangu, nikigusa hii, nikiacha ile. Nilikuwa nimechoka kuomba. Niliona aibu pia kula chakula cha mama mbele ya wakimbizi waliokula kidogo kuliko mimi.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake mama, ambaye kwangu ni mama mdogo. Alikuwa ametembea siku sita na watoto wanne, mume wake hajulikani alipo.

Ndipo shirika moja la misaada likatafuta mtu wa kunakili madaftari ya wakimbizi kwenye kompyuta, bila malipo. Mama akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Shefu, mkubwa wa biro hiyo, alilalamika kila siku kwamba kuna watu wanaojiandikisha mara mbili ili wapokee mara mbili, na kweli niliona majina yanajirudia. Nikaziacha programu zangu tatu, nikatengeneza ya nne: jina moja likitokea zaidi ya mara moja kutoka kijiji kimoja, inabakiza la kwanza na kufuta mengine.

Hiyo ndiyo programu ya kwanza niliyoimaliza maishani mwangu. Shefu alitazama orodha ilivyopungua, akanipiga begani, akasema wadanganyifu wamekamatika na kwamba atanitafutia nafasi. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Siku ya kugawa unga na maturubai, mama mdogo alirudi na beseni tupu. Walimwambia jina lake limeondolewa, eti alishapokea. Nilimuuliza alijiandikisha kwa jina gani, akasema Mama Mapasa. Basi nikamuuliza kwa nini hakutoa jina lake mwenyewe. Alinitazama kama niliyemtukana.

“Jina lile lilibakia nyuma siku nilizaa mapasa,” alisema. “Na mama yako, watu wanamuitaka nani?”

Mama yangu anaitwa hivyohivyo. Mimi mwenyewe ni pacha, mimi na dada yangu. Kwetu mwanamke akizaa mapacha huacha jina lake la zamani. Tangu siku hiyo ni Mama Mapasa, na kumwita vingine ni kumvunjia heshima. Mambo hayo nimeyanyonya na maziwa, na bado nilikaa mbele ya kompyuta nikawafuta akina Mama Mapasa kijiji kwa kijiji, nikibakiza mmoja mmoja. Nilijichukia. Sikuweza kumwambia kwamba aliyemfuta ni mimi.

Kesho yake nilimweleza shefu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukasirika. Akasema ripoti ilishatumwa Kinshasa, wakubwa wameifurahia, na maji yakimwagika hayazoleki. Nilimuuliza orodha nyingine itaandikwa lini. Hakujua. Halafu akainuka, akafunga mlango.

“Kijana yangu,” akasema, “kama programu iko na kosa, sina kazi ya kukupa. Kama haina kosa, siku ya kwanza ya kazi njo utaanza.”

Nilisimama pale nikiwaza chungu cha mama na midomo kumi na mmoja. Nilijiambia kwamba nikiwa ndani nitawarudisha wote kwenye orodha. Sikuwa na hakika kama hiyo ilikuwa kweli au njaa ndiyo iliyokuwa inasema. Nikamwambia haina kosa.

Nyumbani nilisema tu kwamba nimepata kazi. Mama alilia kwa furaha, na majirani wakaja kunipa mkono.

Jumatatu asubuhi mama mdogo alitia makaa kwenye pasi, akaninyooshea shati, kola akairudia mara mbili, huku akiniombea kwa Mungu nidumu katika kazi hiyo. Nikalivaa likiwa bado la moto, nikaenda.