Jicho la Baba kwenye Lango la Zizi

Mimi nimezaliwa na ukali wangu, na kazi ya duka la dawa ikauongeza. Nilisomea uhudumu wa afya, nikafungua duka dogo Runazi, na watu wakanijua kwa jambo moja: sichomi sindano. Duka la dawa haliruhusiwi kuchoma sindano, na mimi si mtu wa kubembelezwa. Wazee niliwapa shikamoo yao kwa heshima zote, kisha nikawaonyesha njia ya zahanati. Wapo walioninunia mpaka leo. Mtu niliyewahi kumchoma pale dukani au nyumbani ni mmoja tu, naye ni kaka yangu.

Kaka alikuwa akiishi kwa mashindano ya baiskeli. Wazazi wetu walihamia huku kutoka Shinyanga na ng'ombe wao kabla sijazaliwa, na watu wa kwetu wakishavuna tu, lazima vijana washindane. Baiskeli zenyewe ni zile nyeusi nzito za kubebea magunia. Wanang'oa madigadi, wanang'oa keria, wanang'oa kengele, mwisho wanang'oa hata breki ili iwe nyepesi. Kaka alishinda mbuzi, akashinda mabati, akashinda ng'ombe mara mbili. Tulikuwa tukimtania kwamba nyumba ya mama imeezekwa kwa mapaja yake. Ng'ombe wa kwanza ndiye aliyenisomesha mimi.

Waendesha baiskeli wote niliowafahamu walikuwa waongo wa maumivu, na yeye ndiye aliyeongoza. Aliwahi kumaliza shindano na kidole cha mkono kimeteguka, akala ugali kwa mkono wa kushoto siku nzima, akidhani mama haoni. Majipu ya kukalia tandiko aliyatumbua mwenyewe nyuma ya nyumba. Ukimuuliza, anakwambia mguu umechoka tu. Nilikuwa namgombeza huku nikimfunga bandeji, naye anacheka. Moyoni nilimwonea fahari, lazima niseme.

Mwaka ule tulisikia kuwa kocha wa timu moja ya Shinyanga atakuja kutazama mashindano ya Nyamigogo. Angechukua kijana mmoja, ampe baiskeli ya kweli ya mashindano na mshahara wa kila mwezi. Kaka alikuwa anakaribia miaka thelathini. Hakuna kocha mwingine aliyewahi kufika kwetu, na yeye alijua kuwa akipita huyu hatakuja wa pili kwa ajili yake.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe akaanguka mazoezini, kwenye mteremko wa changarawe. Ngozi ilichubuka kidogo tu, lakini maumivu yakakaa ndani ya kinena, na kila siku yalizidi. Mguu akaanza kuuburuta. Mimi nilijua. Angekuwa mteja, ningemwambia kwa sauti ya juu aende hospitali akapigwe picha, na asikanyagie mguu huo mpaka picha isomwe. Yeye nilimwambia kwa sauti ya chini, akajibu kwamba ataenda baada ya mashindano.

Aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani ni baba. Baba alikuwa na jicho la mifugo. Msimu wa kulima, kila asubuhi alisimama kwenye lango la zizi, maksai wakapita mbele yake mmoja mmoja, naye akaangalia miguu ya nyuma. Aliyechechemea hata kidogo alimrudisha ndani, hafungwi nira siku hiyo. Hakuwahi kukosea. Watu walitoka Nyamahanga na ng'ombe waliotaka kununua, wakimwomba baba awatazame wakitembea kabla hawajatoa pesa. Hakusoma shule, hakuwa na cheo kanisani wala serikalini. Jicho lile ndilo lililompa kiti mbele za watu.

Basi jioni ya kuamkia mashindano, tukiwa tunakula, akasema bila kumtazama mtu:

"Kesho asubuhi utapita pale langoni. Ukiburuta mguu, baiskeli inabaki."

Kaka akaitikia. Baada ya kula akanifuata jikoni. Hakunikumbusha ada ya shule, na afadhali angenikumbusha, ningepata sababu ya kukasirika. Alisema tu, "Mdogo wangu, nichome. Nusu siku tu, kisha nitakusikiliza maisha yangu yote." Nilikataa. Nikaenda kulala nikiwa nimekataa. Alfajiri nikaamka nikachukua bomba na dawa ya maumivu kwenye mkoba wangu, nikamchoma nyuma ya ghala la mahindi.

Jua lilipotoka baba alikuwa amesimama langoni. Kaka akapita mara ya kwanza, baba akamwambia arudi. Akapita tena. Alitembea vizuri, kisigino kinagusa, nyonga imetulia. Baba aliinama kidogo, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama ng'ombe yeyote. Nami nilikuwa nimesimama hatua tano nyuma yake na sufuria ya uji.

"Mzima," akasema. "Nenda."

Alishinda. Waliingia uwanjani watu watatu pamoja, na yeye akawapita kwenye mita za mwisho, kichwa kiko chini, mdomo wazi. Vijana wa kwetu wakamvamia, wakamnyanyua juu huku wamemshika miguu. Alikuwa anapiga kelele. Wanawake wakapiga vigelegele kwa sababu walidhani ni furaha, na baba alikuwa anapiga makofi. Mimi nilikuwa naona uso wa kaka. Nilisukuma watu, niliwatukana, nilimng'ata mmoja mkono, mpaka wakamshusha. Alipogusa chini mguu haukumpokea.

Shingo ya paja ilikuwa na ufa tangu siku ya kuanguka, ndivyo walivyotueleza hospitali, na siku ile ilivunjika kabisa. Walimfanyia upasuaji Mwanza. Mguu mmoja ukabaki mfupi. Kocha alichukua kijana aliyeshika nafasi ya pili. Kaka sasa anasimamia mashine ya kusaga, ameoa, ana watoto, na hajawahi kunilaumu hata kwa utani. Aliniomba jambo moja tu, kwamba lile la alfajiri libaki letu wawili, kwa sababu hakutaka baba ajue kuwa alimdanganya. Nilikubali upesi mno. Nilijiambia kuwa ninamsitiri kaka, lakini nilikuwa najisitiri mwenyewe.

Tulichosahau ni kwamba baba angejitafutia sababu yake mwenyewe. Alimwona mwanawe akipita mara mbili, akasema mzima. Msimu uliofuata hakusimama langoni. Maksai walitolewa na vijana wa nyumbani, wazima na wagonjwa pamoja. Watu wa Nyamahanga walipokuja na ng'ombe wao, aliwaambia waende kwa wengine, yeye macho yameharibika. Alianza kutembea na fimbo. Mama alimkuta akitenganisha maharage na mawe kwa vidole, amefumba macho, akisema anajizoesha.

Nikampeleka kituo cha afya, siku walipokuja wapimaji wa macho. Alisoma alama zote, hata zile ndogo za mwisho, akionyesha kwa kidole zinakoelekea. Mpimaji akacheka, akamwambia, mzee, macho yako ni mazima kuliko yangu. Baba hakucheka. Alinigeukia mimi, mtaalamu wake wa nyumbani.

"Mayu," akaniita, yaani mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, "macho mazima yangemwona mwanangu."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Yalikuwa machache: baba, nilimchoma. Mpimaji alikuwa anasubiri kuita mtu mwingine. Nikachukua fimbo pale ilipoegemea, nikamwambia twende nyumbani, jua linakuwa kali.

Nje kulikuwa na mtaro. Nikamshika mkono kumvusha, na yeye, aliyetoka kusoma alama zote ukutani, akaniacha nimwongoze.