Mgongo wa Mpishi wa Waa

Kama mapenzi yangekuwa dawa ya mgongo, Bi Ummulkheir wa Waa angepona zamani. Tangu kiuno kilipoanza kumsumbua, mwaka juzi, mumewe Othman hakumwachia hata kikombe cha chai akinyanyue. Alichota maji yeye, akafagia uwanja yeye, akamfunga mkewe viatu majirani wakitazama na wala asione haya. Mtu akiuliza hali, Othman ndiye aliyejibu, "Mama Twaiba hawezi." Na Bi Ummulkheir, aliyepika harusi kuanzia Waa hadi Bongwe, akawa mtu wa kushinda kitandani, na kila akiamka mgongo umekaza kuliko jana.

Hospitalini alimkuta Kanyiva, binti wa Kikamba mcheshi anayefundisha mazoezi ya viungo. Alimpima, akamwambia hakuna kilichovunjika. Maumivu ya siku nyingi kama yale, alieleza, si lazima yawe dalili ya mfupa kuharibika, na kulala sana kulikuwa kumeilegeza misuli. Dawa ilikuwa kujongea, kidogo kidogo, hata mgongo ukilalamika. Akamlaza mkekani, magoti juu, anyanyue nyonga. Kisha akampigisha magoti, viganja chini, anyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Bi Ummulkheir alicheka mpaka akaanguka ubavu. Mtu mzima, ana wajukuu, anajifundisha kutambaa.

Lakini alikuwa na lake moyoni. Twaiba, kitinda mimba wake, alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa baada ya Idi. Harusi za watu wote amepika, ya mwanawe akaletewe sahani kama mgeni? Hilo halikumwingia akilini. Basi kila alfajiri baada ya sala alifunga mlango, akatandika mkeka. Othman alisimama nje, mkewe akiguna naye anaguna. Siku nyingine mgongo ulimuuma mpaka machozi yakamtoka. Siku hizo alifanya machache, lakini alifanya. Miezi ikapita, akawa anatembea hadi barabara kuu na kurudi, na Othman akienda shamba, yeye hubeba ndoo ya maji nusu, kwa siri, kama mwizi nyumbani kwake.

Wiki ya harusi ndipo alipogundua kwamba Othman ameshaagiza mpishi mwingine kutoka Bongwe. Aliumia, kuliko kiuno kilivyowahi kumuumiza. Hakugombana. Alimfuata barazani, akaketi karibu naye.

"Babake Twaiba, mgongo bado waniuma," alimwambia. "Huenda ukaniuma hadi siku yangu. Lakini wewe ushanizika nami ningali hai."

Othman akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulitamka miaka yote ya ndoa yao: mamake naye alianza hivyo hivyo, kwa kiuno, akalala, asiinuke tena.

"Nakuogopea," alisema. "Mimi sina mwingine."

Sasa mtu kama huyo utamkasirikia vipi? Bi Ummulkheir alimshika mkono, akamwambia kesho asisimame nje. Alfajiri ile mlango haukufungwa. Othman aliketi pembeni ya mkeka, akamwona mkewe akinyanyua nyonga na kuzishusha, bila haraka, uso umetulia. Palipokucha alikwenda Bongwe mwenyewe kumwomba mpishi radhi.

Siku ya harusi Bi Ummulkheir alipika. Kuinama aliinama kwa magoti, alivyofundishwa, na alipochoka alizunguka uwanja kidogo akarudi kwenye moto. Sufuria ya kwanza ilipoiva, ile ndogo, mashemeji walikuja mbio kumwepulia. Othman akawazuia. Alizungusha kitambaa kiganjani, akachuchumaa, akashika mkono mmoja wa sufuria.

"Mama Twaiba," alisema, "shika upande wako."