Kengele Ililia, Mheshimiwa Akakoroga Chai

Mume wa dada yangu tunamwita Kengele. Kazi yake bungeni ni kupiga kengele wajumbe wanapopungua kikaoni, na hata mtaani kwetu yeye ndiye hugonga ile rimu ya gari kuwaita watu mkutanoni. Ni mtu wa maneno machache. Mwenye mdomo ni mimi, kwa hiyo haya nayasema mimi.

Dada ana ugonjwa wa figo. Bunge lilipitisha fedha za mashine ya kusafisha damu kwa hospitali yetu, na mjumbe wetu akaja kujisifu mpaka jasho likamtoka. Chumba kikapakwa rangi, soketi zikafungwa ukutani. Halafu serikali ikazifuta zile fedha, hivi hivi, kama mtu anayekukaribisha mezani kisha anakunyang'anya sahani. Dada akaendelea kusafiri kila wiki hadi mji wa mbali kusafishwa damu, na kurudi yuko hoi.

Sheria ipo, msidhani haipo. Serikali ikifuta fedha zilizokwisha kupitishwa, sharti ijieleze mbele ya kamati ya bunge, na kamati inaweza kukataa. Ila kamati isipopata wajumbe wa kutosha hadi siku ya mwisho, ufutaji unapita wenyewe. Yaani hata uvivu wao unahesabiwa kuwa kura. Mimi jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Siku hiyo ya mwisho alipungua mjumbe mmoja tu. Shemeji akapiga kengele, akapiga, mpaka karani akamwambia, "Inatosha, mzee." Akashuka mgahawani. Akamkuta mjumbe wetu, yule yule wa kujisifu, ameketi na kikombe chake.

"Mheshimiwa, kengele inalia. Umebaki wewe tu."

"Naisikia," akajibu, akakoroga chai.

Hakuwa mgonjwa wala kiziwi. Alijua akipanda atapiga kura, na kura ingewaudhi ama wakubwa wake ama sisi. Akaona heri chai. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Muda ukaisha, mashine ikaenda na maji.

Jioni dada alimtazama mumewe usoni. Akaanza kukunja nguo za safari. Mimi nilitukana mpaka koo likakauka.

Uchaguzi ukakaribia. Mheshimiwa akaja mtaani kuhutubia, akakuta uwanja mtupu, watu wanamchungulia madirishani. Akaja mpaka barazani kwetu, meno yote nje.

"Kengele wangu, hebu tugongee ile rimu. Ukigonga wewe watatoka."

Shemeji alikuwa anakunywa chai. Akachukua kijiko, akakoroga taratibu.

"Nimekusikia, mheshimiwa," akasema, wala hakuinuka.

Mheshimiwa akabaki amesimama pale juani. Dada, aliyekuwa amelala ndani, akaniita kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Mdogo wangu, mwongeze shemeji yako sukari."