Tandiko ya Muzee Ntambwe

Mu Kolwezi yote, mutu mwenye kujua ngozi ni mi. Mabuti ya bakreseri, bale banachimba madini mu mashimo, sakoshi ya babibi-arusi, mikaba ya baaskari, byote binapita mu mikono yangu. Masomo niliacha ku mwaka ya tano ya primeri, lakini sindano haiulizake diplome. Kwa hiyo, siku Mama Ndaya alifika ku bashi yangu, ile turubai ninashonea chini yake, na tandiko ya farasi ku kichwa, imefungwa mu kikwembe ya sikukuu, nilicheka mbele ya kusalimia.

"Mama, umechoka kuuza makala, sasa umegeuka farasi?"

"Cheka tu, we wa meno mbili. Leo uko na kazi ya bakubwa."

Kwa wasiomujua: Mama Ndaya ni muke mufupi, makala imemuingia mpaka ku kope, na sauti yake inasimamisha kamyo. Anapanda treni ya Mutshatsha, anarudi na mifuko, anauza, analisha nyumba. Mi si ndugu yake wa damu, lakini batoto yake bananiita yomba, ndugu ya mama, na sijakataa. Baba yake, muzee Ntambwe, alikuwa anachunga farasi za bazungu. Bazungu balienda, farasi zilikufa, ye alibakia na tandiko moja. Alipokufa alimuachia Ndaya ile tu.

Mu nyumba ya Mama Ndaya, ile tandiko ilipata heshima kupita batu. Iliwekwa juu ya kreti ya biere pale salon, inapakwa mafuta, na mugeni mukubwa tu njo alikaribishwa pale juu: pasta, mukubwa wa korali ya kanisa, bakwe walioleta mahari. Batoto balikatazwa hata kupumua karibu yake.

Sasa Gael, mutoto yake wa kwanza, alikuwa anachimba mu mashimo. Siku moja shimo ilianguka, ikafunika wenzake, na tangu pale mama yake halali vizuri. Ikatokea ferme moja huko upande wa Mutshatsha inatafuta kijana wa kuchunga ngombe juu ya farasi. Patron alisema: farasi iko, tandiko ujitafutie. Bila tandiko, Gael anarudi mu shimo.

"Muzee amemukumbuka mujukuu yake," Mama Ndaya alisema, akionyesha Gael aliyesimama nyuma yake. "Tengeneza, aende."

Niliangalia. Ngozi inangaa, nyuzi tu zimelegea huku na huku. "Hii?" nilisema kwa nguvu, ili bakreseri waliongojea mabuti yao basikie. "Hii nitamaliza mbele chai haijapoa."

Kisha nikafanya vile muzee Ntambwe mwenyewe alinifundisha: unaweka mbele ya tandiko ku tumbo, unashika nyuma, unavuta. Tandiko nzima inagoma kama ukuta. Ile ya Mama Ndaya ilijikunja. Kwaa! Kama muhogo mukavu.

Nikaiachia. Ilianguka mu vumbi, na hakuna mutu aliyeiokota.

Niliinama pale pale, nikafungua nyuzi za chini. Muti wa ndani, ule njo mufupa yake, ulikuwa umekatika katikati, na ncha zake zimechongoka kama kisu. Mama Ndaya alishika mudomo.

"Nani amekuvunja, Tata?" aliuliza ile tandiko, sawa anaita baba yake.

"Mama," nilisema polepole, "juu ya mugongo ya farasi, ule muti unalala ku nyama. Juu ya kreti unasimama ku ncha tu. Na pasta yenu ni munene namna gani?"

Nilimuona anahesabu bageni mu kichwa, mumoja mumoja, na kila mumoja alikuwa amemukaribisha ye mwenyewe na chekelo.

Gael njo alisogea karibu. "Yomba, shona tu juu. Nani ataona?"

"Mi naweza kushona hata mawingu," nilisema, na ni kweli. Uzi ulikuwa tayari mu sindano.

"Gael," mama yake alisema, "piga magoti. Mikono chini."

"Mama, batu bako hapa!"

"Chini!"

Kijana mukubwa hivi, mwenye ndevu, akapiga magoti mu vumbi. Bakreseri balianza kucheka. Mama Ndaya akaokota tandiko, akaiweka ku mugongo ya Gael, akakaa juu na uzito yake yote. Gael alilia kilio ambayo sijasikia hata ku matanga. Tulipopandisha shati yake, damu ilikuwa inatoka pembeni ya uti wa mugongo. Kicheko ikakatika.

"We uko na kinywa, umelia," Mama Ndaya alisema. "Farasi atalia na miguu, juu ya kichwa yako. Hii tandiko haitengenezwe tena."

Nilirudisha sindano mu kopo.

Aliniomba nitoe bikuku, ile byuma mbili ya kukanyagia, na mikaba yake. Nilivuta na nguvu zangu zote, na ziko nyingi, bilikuwa bizima. Kisha alipanda treni na Gael, akasimama mbele ya patron: "Tandiko yetu imekufa. Mutoto wangu ni muzima. Mupe fimbo." Patron alimuangalia toka juu mpaka chini, akatoa fimbo. Gael anakimbiza ngombe kwa miguu sasa, na bikuku bya nkambo yake, muzee Ntambwe, binamungoja ku musumari.

Juma iliyofuata nilikuwa kwa Mama Ndaya, nakula bukari, wakati pasta aliingia na kuangalia pale pembeni. Hakuna kreti. Kuna kiti ya plastiki.

"Mama, pahali pangu iko wapi?"

Mama Ndaya alimuangalia tumbo, kisha uso, kisha tumbo tena.

"Kaa, Tata Pasta," alisema. "Lakini polepole."